Kupima, Kuandika, Kutaja: Historia ya Nyota Zilizo Karibu na Jua Kama Itazamwavyo kutoka Kipushi

1.0 Utangulizi

Kipushi ni mji wa machimbo ulioko kilomita zipatazo 30 kusini-magharibi mwa Lubumbashi, karibu kabisa na mpaka wa Zambia. Katika miezi ya kiangazi anga la mji huu hutakata, mawingu yakawa haba. Mtu akisimama penye giza katikati ya mwezi wa Juni, mnamo saa tatu za usiku, uso wake ukielekea kusini, ataona nyota nne zilizojipanga mfano wa msalaba, na upande wa kushoto wa msalaba huo nyota mbili zenye mng'aro mkubwa. Kati ya hizo mbili, ile iliyo mbali zaidi na msalaba huitwa na wanafalaki Alfa ya Kantarusi. Wakati huo huwa imefikia kimo chake cha juu kabisa, kiasi cha nyuzi 41 juu ya upeo wa macho. Ukiliacha Jua lenyewe, hakuna nyota yoyote ionekanayo kwa macho iliyo karibu na Dunia kuliko hiyo.

Mkazi wa London, Paris au Berlin hawezi kuiona kamwe akiwa kwao, kwa kuwa haichomozi juu ya upeo wake. Ndiyo maana historia ya kupimwa kwa jirani huyu wa Jua, pamoja na historia ya kugunduliwa kwa mwenzake mdogo aliye karibu zaidi, haikuanzia Ulaya bali katika ardhi ya Afrika: kwanza Cape, halafu Johannesburg.

Makala haya yanakusudia mambo mawili. Kwanza, kueleza kwa mfuatano jinsi nyota za karibu zilivyogunduliwa na kupimwa, kwa kutilia mkazo kazi iliyofanyika kusini mwa Afrika. Pili, kuonyesha kwamba katika historia hiyo kuona hakukutosha, wala kupima peke yake hakukutosha. Sifa ya ugunduzi ilimwendea yule aliyeandika kwa wakati na kukipa kitu jina. Funzo hilo lina uzito wa pekee kwa lugha ya Kiswahili, ambayo wasemaji wake wanaishi chini ya anga hilohilo.

2.0 Majina yaliyotangulia vipimo

Si kweli kwamba anga la Afrika lilikuwa halina majina kabla ya darubini kufika. Kundi la nyota liitwalo kilimia limepata jina lake kutokana na kitenzi kulima, kwa sababu kuonekana kwake kuliwaashiria wakulima majira ya kazi. Mzizi huohuo unapatikana mbali sana na pwani: Wazulu na Waxhosa husema isilimela. Katika Kibemba, lugha isikikayo sana Lubumbashi na Kipushi, nyota kwa jumla huitwa intanda. Mabaharia wa pwani, kwa upande wao, walichota majina mengi katika Kiarabu, kama vile Suheli, Zuhura na Mirihi. Jan Knappert alichapisha mwaka 1993 makala juu ya majina ya Kiswahili ya nyota, sayari na makundi ya nyota, na orodha ya namna hiyo yatosha kuthibitisha kwamba lugha hii haikuwa fukara katika jambo hilo.

Jina la kale la Alfa ya Kantarusi lina safari yake. Wagiriki walifikiria katika sehemu hiyo ya anga kiumbe aliye nusu mtu na nusu farasi. Waarabu walipokea habari hiyo wakaiita nyota hii mguu wa kiumbe huyo, na Wazungu wakalichukua jina la Kiarabu na kuliandika kwa matamshi yao: Rigil Kentaurus. Katika maandishi ya Kiswahili jina hilo limekuwa Rijili Kantori. Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulilikubali rasmi jina la Rigil Kentaurus kwa nyota iliyo kubwa zaidi ya mfumo huo.

Hata hivyo, jina halisemi umbali. Mkulima, baharia na mshairi waliziona nyota zote kana kwamba zimetundikwa katika dari moja. Kwamba moja ni jirani na nyingine iko mbali mara mia, jicho halina njia ya kulijua hilo. Palihitajika hesabu.

3.0 Cape: kipimo kilichokaa sandukuni

Msingi wa hesabu hiyo ni rahisi. Mtu akinyosha mkono na kusimamisha kidole gumba mbele ya uso wake, kisha akafumba jicho la kulia na baadaye la kushoto, ataona kidole kikihama mbele ya ukuta ulio nyuma. Kadiri kidole kilivyo karibu, ndivyo kinavyohama zaidi. Dunia inapolizunguka Jua, mtazamaji huhamishwa pamoja nayo. Baada ya miezi sita yuko upande wa pili, umbali wa kilomita zipatazo milioni 300 kutoka pale alipokuwa. Nyota iliyo karibu haina budi kuonekana imehama kidogo mbele ya zile zilizo mbali. Kuhama huko huitwa paralaksi.

Ugumu uko katika udogo wake. Paralaksi ya Alfa ya Kantarusi ni kama robo tatu tu ya sekunde moja ya pembe. Ni sawa na upana wa sentimita moja ukitazamwa kutoka umbali wa kilomita mbili na robo tatu. Kwa karne nyingi watu walijaribu kuupima udogo wa namna hiyo, wakashindwa. Na baadhi yao walitangaza vipimo ambavyo baadaye vilionekana kuwa makosa ya vyombo.

Anga la kusini lilianza kuorodheshwa kwa utaratibu na Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, ambaye kati ya mwaka 1751 na 1753 aliandika mahali pa nyota zikaribiazo 10,000 akiwa Cape. Kabla ya hapo, mwaka 1689, padre Mjesuti Jean Richaud alikuwa ameng'amua huko Pondicherry, nchini India, kwamba Alfa ya Kantarusi si nyota moja bali mbili zinazoandamana. Mwaka 1820 serikali ya Uingereza iliamua kuanzisha kituo cha kudumu cha kutazamia nyota huko Cape. Mkuu wake wa kwanza, Fearon Fallows, alifariki mwaka 1831, na nafasi yake ikachukuliwa na Mskoti Thomas Henderson, karani wa sheria aliyejifunza elimu ya nyota kwa juhudi yake mwenyewe.

Henderson aliwasili mwezi wa Aprili 1832. Hakupapenda mahali hapo. Alipaita kinamasi cha huzuni, na baada ya mwaka mmoja hivi akajiuzulu na kurudi kwao. Lakini katika mwaka huo mmoja alifanya kazi nyingi mno. Miongoni mwa nyota alizozipima mara kwa mara ilikuwamo Alfa ya Kantarusi. Hakuwa akitafuta umbali wake. Alitaka tu kuandika mahali pake kwa usahihi. Karibu na mwisho wa kukaa kwake alipata habari kutoka kwa Manuel Johnson, aliyekuwa akitazama nyota katika kisiwa cha Mtakatifu Helena, kwamba nyota hiyo inahama angani mwaka hata mwaka kwa kasi isiyo ya kawaida. Kitu kinachoonekana kuhama upesi yawezekana kiko karibu, kama vile mpita njia aliye jirani huonekana kwenda upesi kuliko gari lililo mbali kwenye kilima. Basi Henderson alipofika Uskoti alianza kuvichambua tena vipimo vyake, na humo akakuta dalili ya paralaksi.

Hapa ndipo historia ilipopinda. Henderson hakutangaza. Alijua jinsi waliomtangulia walivyoaibika, naye hakutaka kuongeza jina lake katika orodha hiyo. Alitaka kwanza kulinganisha na vipimo vingine vilivyofanywa palepale Cape na msaidizi wake. Miaka ikapita. Mwishoni mwa mwaka 1838 Mjerumani Friedrich Wilhelm Bessel, wa Königsberg, alitangaza paralaksi ya nyota ya 61 Cygni, kiasi cha 0.31 ya sekunde ya pembe. Mwezi wa Januari 1839 Henderson naye akatoa matokeo yake. Alikuwa amechelewa kwa wiki chache tu, ingawa vipimo alivyovitumia vilikuwa vimekamilika tangu mwaka 1833. Vitabu humtaja Bessel kuwa mtu wa kwanza kupima umbali wa nyota. Henderson hutajwa kuwa wa pili au wa tatu, maana Friedrich Georg Wilhelm Struve wa Dorpat pia alikuwa akiishughulikia nyota ya Vega katika miaka hiyohiyo.

Ni haki kuongeza kwamba hofu ya Henderson haikuwa ya bure. Kipimo chake cha kwanza, sekunde 1.16, kilizidi ukweli kwa zaidi ya nusu. Thomas Maclear, aliyemfuata Cape, aliendelea kuitazama nyota hiyo, na katika miaka ya 1881 hadi 1883 David Gill na William Elkin waliipima upya kwa chombo bora zaidi wakapata 0.75. Hicho ndicho kiasi kinachokubaliwa hata leo. Maana yake ni kwamba nuru ya nyota ile huchukua zaidi ya miaka minne na miezi mitatu kufika Kipushi.

4.0 Johannesburg: nyota isiyoonekana kwa macho

Sura ya pili ilianza mwaka 1910, mwaka wenye maana katika nchi zote mbili zinazohusika hapa. Mwezi wa Mei mwaka huo Muungano wa Afrika ya Kusini uliundwa. Mwezi wa Septemba reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, mji mpya ambao leo ni Lubumbashi, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa hapo kutokana na mawe ya mgodi ambao wakoloni waliuita Nyota ya Kongo na wenyeji wakauita Kalukuluku. Na katika mwaka huohuo wa 1910, huko Johannesburg, picha ya sehemu ya anga iliyoizunguka Alfa ya Kantarusi ilipigwa katika sahani ya kioo kwa darubini iliyojulikana kwa jina la Franklin-Adams.

Mkuu wa kituo cha Johannesburg alikuwa Robert Innes, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1861. Yeye pia hakuwa na shahada ya elimu ya nyota. Alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo huko Sydney kabla ya kuajiriwa Cape mwaka 1896 kama katibu wa ofisi. Mwaka 1903 alikabidhiwa kituo cha hali ya hewa cha Transvaal, akakigeuza polepole kuwa kituo cha nyota, ambacho tangu mwaka 1912 kiliitwa kituo cha Muungano.

Mwaka 1915 picha ya pili ya sehemu ileile ilipigwa. Innes aliziweka sahani zote mbili katika chombo kinachomwezesha mtazamaji kuona ya kwanza, kisha ya pili, kwa kupokezana haraka haraka. Nyota zisizohama hubaki zimetulia. Nyota iliyohama katika muda wa miaka mitano huonekana ikirukaruka. Ni kazi ya kuchosha macho, kwani kila sahani ina maelfu ya nukta. Kiasi cha nyuzi mbili na kidogo kutoka Alfa ya Kantarusi, Innes aliona nukta moja hafifu iliyokuwa ikiruka. Ilikuwa nyota ya daraja la 11, yaani hafifu takriban mara 100 kuliko nyota hafifu kabisa zionekanazo kwa macho matupu. Ilihama kwa mwelekeo na kasi inayokaribiana na ya Alfa ya Kantarusi. Akaitangaza mwaka huohuo katika waraka mfupi wa kituo chake.

Kuhama ni dalili tu. Umbali ulihitaji kupimwa. Mholanzi Joan Voûte, aliyekuwa akifanya kazi Cape, aliipima paralaksi yake na kuona kwamba, kwa kadiri ya usahihi wa vyombo, inalingana na ile ya Alfa ya Kantarusi. Yeye aliishia hapo. Innes naye alipima, na ingawa vipimo vyake havikuwa bora kuliko vya Voûte, mwaka 1917 alithubutu kutamka kwamba nyota hiyo iko karibu zaidi, na akapendekeza iitwe Proxima, neno la Kilatini lenye maana ya aliye karibu kabisa. Dai hilo lilitangulia ushahidi. Ushahidi wa kutosha ulipatikana mwaka 1928, pale Mmarekani Harold Alden, akitumia darubini ya Chuo Kikuu cha Yale iliyowekwa Johannesburg, alipopata paralaksi ya 0.783. Innes alikuwa amesema kweli kabla ya kuwa na haki ya kusema, na jina alilolitoa ndilo linalotumika hadi leo.

Tofauti kati ya Henderson na Innes yafaa kutazamwa kwa makini. Wa kwanza alikuwa na ushahidi akakosa ujasiri wa kuandika. Wa pili aliandika kabla ushahidi haujakomaa. Voûte, aliyepima kwa uangalifu na kusema kile tu alichokipima, amesahauliwa na wasomaji wengi. Historia haikumkumbuka aliye mwangalifu zaidi bali aliyekipa kitu jina.

Kuna kimya kingine pia. Katika muda ule wa miaka mitano kati ya sahani ya kwanza na ya pili, bunge la Muungano lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya mwaka 1913, iliyowazuia Waafrika kununua ardhi katika sehemu kubwa mno ya nchi yao. Mji wa Johannesburg uliishi kwa jasho la wachimbaji waliotoka pande zote za kusini na kati ya Afrika. Katika maandiko yaliyotangaza nyota ya Proxima, majina yaliyohifadhiwa ni ya Wazungu pekee. Anga lilikuwa la wote. Kalamu haikuwa ya wote.

5.0 Majirani wengine

Baada ya Proxima orodha ilirefuka upesi. Mwaka 1916 Edward Emerson Barnard alitangaza huko Marekani nyota hafifu ihamayo angani kwa kasi kuliko nyingine zote. Umbali wake ni kama miaka 6 ya nuru. Willem Luyten alitumia sahani nyingi zilizopigwa na kituo cha Boyden, kilichohamishwa kutoka Peru hadi karibu na Bloemfontein, katika kutafuta maelfu ya nyota zihamazo za anga la kusini. Mwaka 1951 Harlow Shapley alionyesha kwamba Proxima yenyewe hulipuka mara kwa mara, ikaongeza nuru yake kwa ghafla kisha ikafifia.

Kutokana na kazi hizo jambo moja lisilotarajiwa lilidhihirika. Majirani wengi wa Jua ni nyota ndogo, hafifu na nyekundu, zinazoitwa vibete vyekundu, ambazo jicho haliwezi kuziona. Nyota kubwa zinazopamba usiku, nyingi zao ziko mbali sana, nazo huonekana kwa sababu tu ya ukubwa wa nuru yake. Sirius, iliyo umbali wa miaka 8.6 ya nuru, ni miongoni mwa chache zilizo karibu na zenye kung'aa pia. Kwa hiyo anayehesabu majirani kwa macho matupu huwahesabu matajiri wa mbali na kuwaacha maskini wa mlangoni.

Ili kuuelewa umbali wenyewe, msomaji wa Katanga afikirie Jua limewekwa Lubumbashi na Dunia iko mita moja kutoka hapo. Kwa kipimo hicho Proxima itakuwa kiasi cha kilomita 268, yaani safari ya barabara inayokaribia kufika Kolwezi. Katika njia yote hiyo hakuna nyota nyingine.

Upimaji wa kisasa umehamia nje ya Dunia. Chombo cha Hipparcos kilipima kutoka angani kati ya mwaka 1989 na 1993, na chombo cha Gaia, kilichorushwa mwaka 2013 na kumaliza kutazama mwezi wa Januari 2025, kimepima zaidi ya nyota bilioni moja. Umbali wa Proxima sasa unajulikana kuwa miaka 4.25 ya nuru. Mwezi wa Agosti 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Guillem Anglada-Escudé lilitangaza kwamba nyota hiyo ina sayari yenye uzito usiopungua ule wa Dunia, inayoizunguka kwa siku 11 tu.

6.0 Joto la nyota na udongo wa Kipushi

Majirani wa mwisho kupatikana hawakugunduliwa kwa nuru ionekanayo bali kwa joto lao. Mwaka 2013 Kevin Luhman alitangaza jozi ya vibete kahawia, yaani magimba yaliyoshindwa kuwaka kama nyota kamili, umbali wa kama miaka 6.5 ya nuru. Na mwaka 2014 akatangaza jingine, umbali wa miaka 7 na zaidi, lenye baridi inayokaribia ile ya barafu. Yote mawili yalionekana katika picha za chombo cha WISE, kilichorushwa mwaka 2009 ili kutazama mnururisho wa joto.

Elimu ya kutazama joto la nyota ina deni kwa elementi moja iitwayo jerimaniumu. Mwaka 1961 Mmarekani Frank Low alitengeneza kutokana na elementi hiyo kipimajoto chepesi mno, kinachofanya kazi katika baridi kali, ambacho kiliwafungulia wanafalaki mlango wa nuru ya joto. Jerimaniumu pia hutengenezewa lenzi, kwa kuwa hupitisha mnururisho huo ambao kioo cha kawaida huuzuia.

Sasa, mgodi wa Kipushi, ulioanza kuchimbwa katika miaka ya 1920 kwa jina la Prince Léopold, haukutoa shaba na zinki tu. Ulikuwa miongoni mwa chimbuko mashuhuri za jerimaniumu duniani. Madini ya renieriti, yenye elementi hiyo, yalitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mawe ya Kipushi, yakapewa jina la mtaalamu wa jiolojia Mbelgiji Armand Renier. Haisemwi hapa kwamba chombo fulani cha kutazamia nyota kilitengenezwa kwa jiwe la Kipushi. Linalosemwa ni kwamba mambo yalikuwa yaleyale ya Johannesburg: kitu kilitoka hapa, jina likatoka kwingine. Mgodi ulifungwa mwaka 1993 na uzalishaji ukaanza tena mwaka 2024. Jina la renieriti halikubadilika.

7.0 Kiswahili na kazi ya kutaja

Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni katika Kongo, ameonyesha jinsi Kiswahili kilivyofanywa lugha ya kazi Katanga katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Hiyo ndiyo miaka ambayo Innes alikuwa akizilinganisha sahani zake. Miongozo ya lugha iliyotungwa kwa ajili ya wasimamizi ilijaa vitenzi vya kuamrisha: lete, beba, fanya. Lugha ilitakiwa itoshe kwa kupokea amri. Haikutakiwa itoshe kwa kuuliza umbali wa nyota.

Lakini lugha haikai pale ilipowekwa. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Lubumbashi historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani. Andiko hilo halikufuata sarufi ya shule, wala halikungoja kibali cha chuo. Lakini leo hakuna mwanahistoria wa mji huo anayeweza kulipita. Yav hakufanya kosa la Henderson. Alikuwa na habari, akaiandika.

Katika upande wa istilahi, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na tangu hapo maneno kama mnururisho na elementi yamezoeleka shuleni nchini Tanzania. Nchini Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, masomo ya sayansi katika shule za upili hufundishwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi wa Kipushi anaweza kujifunza paralaksi darasani, lakini akirudi nyumbani hana njia iliyozoeleka ya kumweleza bibi yake kile alichojifunza, ilhali bibi huyo ndiye ajuaye kilimia na majira yake. Elimu mbili za anga moja zinalala chini ya paa moja bila kuamkiana.

Yawezekana mtu akapinga, akisema kwamba sayansi ina lugha zake za kimataifa na kwamba kutafsiri majina hakuongezi ujuzi. Pingamizi hilo lina ukweli kwa upande mmoja: paralaksi ya Proxima haibadiliki kwa kutajwa kwa Kiswahili. Ila historia iliyoelezwa hapo juu inaonyesha kwamba Johannesburg haikuwa mji mkuu wa elimu mwaka 1915, wala Innes hakuwa profesa. Kilichomwezesha ni kwamba anga lilikuwa juu yake, chombo kilikuwa mezani, na lugha ya kuandikia waraka ilikuwa ileile aliyozungumza nyumbani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba umbali wa nyota ya karibu ulipatikana kutokana na vipimo vilivyofanywa Cape mwaka 1832 na 1833, na kwamba jirani wa karibu kabisa wa Jua aligunduliwa Johannesburg mwaka 1915. Yameonyesha pia kwamba katika kila hatua palikuwa na tofauti kati ya kuona, kupima, kuandika na kutaja. Henderson alipoteza utangulizi kwa kuchelewa kuandika. Innes aliupata kwa kuthubutu kutaja. Waafrika walioishi chini ya anga hilo, na ambao baadhi yao walichimba mawe yenye thamani kwa elimu hiyohiyo, hawakuingia katika maandishi.

Kazi inayobaki kwa wataalamu wa Kiswahili wa Lubumbashi si kungojea darubini. Majina ya nyota katika lugha za Katanga, pamoja na kile ambacho wazee wanakijua juu ya kuonekana na kutoweka kwake, yanaweza kukusanywa kwa daftari na kalamu, na katika jambo hilo kuchelewa kuna hasara isiyolipika, kwa kuwa mzee akifa vipimo vyake havibaki sandukuni kama vile vya Henderson. Nuru ambayo Proxima inatoa usiku wa leo itafika Kipushi baada ya miaka minne na miezi mitatu. Muda huo unatosha kabisa kwa daftari la kwanza kujaa.